Kafara ya Msalaba: Nani Alipaye Deni, na Nani Alipokeaye?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mwenye kusamehe dhambi na Mwenye kupokea toba, ambaye rehema Yake haiuzwi wala hainunuliwi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Muislamu, ni nadra kupita penye stendi ya mabasi bila ya kukutana na maandishi au sauti ya mhubiri ikikuarifu kuwa Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zako, na kwamba damu yake ndiyo itakayokuosha. Maneno haya si mapambo ya vioo vya magari. Ndani yake mna itikadi nzima: kuhusu Mungu ni nani, mwanadamu ni nani, na uadilifu ni kitu gani. Vijana wetu walioko katika shule za bweni huulizwa: "Dhambi zako wewe nani amezilipa?" Wengi wao hunyamaza. Hawanyamazi kwa kuwa Uislamu hauna jibu, bali kwa kuwa hawakufundishwa jibu, na kijana aliyenyamaza leo yumkini kesho akashawishika.

Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili kwa hoja na kwa adabu, kama tulivyoamrishwa katika Suratun Nahl (16:125) na Suratul Ankabuut (29:46) tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Wakristo ni majirani zetu, na wengine ni wajomba zetu na shangazi zetu. Tunachokijadili hapa ni itikadi, si utu wa mtu.

WANASEMAJE?

Uadilifu unatutaka tuieleze itikadi yao kama wenyewe wanavyoieleza. Kwa muhtasari wanasema: Adam alimuasi Mungu, na dhambi yake ikawafikia watoto wake wote. Mshahara wa dhambi ni mauti (Warumi 6:23). Mungu ni mwadilifu, hawezi kuiachia dhambi bila ya adhabu. Wakati huo huo ni mwenye huruma, hataki kuwaangamiza viumbe Wake. Mwanadamu hana uwezo wa kulipa. Basi Mwana akavaa mwili, akafa msalabani badala ya wakosaji, na kwa kifo hicho uadilifu ukatimia na huruma ikapita. Paulo anaupa msingi huu uzito wote, hata akasema katika 1 Wakorintho 15:17 kuwa kama Kristo hakufufuka, imani yao haina faida na wangali katika dhambi zao.

Kwa hiyo hili si tawi dogo la Ukristo. Likiondoka, nyumba nzima yaanguka. Na sisi tunaamini, kwa dalili ya Suratun Nisaa (4:157), kwamba Nabii Isa (a.s.) hakuuawa wala hakusulubiwa. Lakini katika makala haya hatutabishana kama msalaba ulitokea au haukutokea. Tutauliza swali lililo mbele ya hilo: hata kama ungetokea, je, unaweza kufanya kazi wanayosema uliifanya?

NENO LENYEWE

Neno kafara limetufikia kutoka Kiarabu, kaffaara, na asili yake ni kufunika. Mkulima naye huitwa kaafir katika lugha kwa kuwa huifunika mbegu ardhini, na kwa maana hiyo limetumika katika Suratul Hadiid (57:20). Kiebrania nacho kina neno la udugu na hilo, ndiyo maana sikukuu ya toba ya Mayahudi ikaitwa Yom Kippur.

Sasa tazama sharia yetu inavyolitumia. Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu (5:89). Kafara ya kuua kwa makosa ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, pamoja na diya kwa jamaa wa marehemu (4:92). Kafara ya dhihaar ni kumwacha huru mtumwa, au kufunga miezi miwili, au kulisha maskini sitini (58:3-4). Mnyama anaingia katika mambo ya ihram, kama malipo ya aliyeua mnyama wa kuwindwa (5:95), na hata hapo mlango wa kulisha maskini na wa kufunga uko wazi. Katika yote hayo anayelipa ni mkosaji mwenyewe, kwa mali yake au kwa njaa yake, na anayenufaika ni maskini au mtumwa. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu mwema anauawa ili mtu muovu asafishike.

DHAMBI HAIRITHIWI

Msingi wa kwanza wa itikadi hii ni kuwa tulizaliwa na hatia ya Adam. Qur'an inatueleza kisa hicho hadi mwisho wake. Adam na mkewe walikosea, wakakiri makosa yao na kuomba msamaha (7:23). Adam akapokea maneno kutoka kwa Mola wake, na Mola wake akaipokea toba yake (2:37), kisha akamteua na kumwongoza (20:122). Faili limefungwa. Kwa sharia gani lifunguliwe tena dhidi ya mtoto aliyezaliwa jana usiku? Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra.

Wala hili si la Qur'an peke yake. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza baba kuuawa kwa kosa la mwana, au mwana kwa kosa la baba. Ezekieli sura ya 18 yote imeshushwa kuvunja dhana ya kurithi dhambi. Aya yake ya 20 inasema wazi kuwa nafsi itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, na mwana hatauchukua uovu wa babaye. Aya mbili zinazofuata zinaeleza kuwa muovu akighairi na kutenda haki, ataishi, na makosa yake hayatakumbukwa. Hapo hakuna msalaba. Pana toba na amali njema.

Basi fundisho la kurithi hatia limetoka wapi? Aliyelipa umbo lake maarufu ni Augustine, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430. Alitegemea tafsiri ya Kilatini ya Warumi 5:12 iliyofahamika kuwa watu wote walitenda dhambi ndani ya Adam. Ilhali Kiyunani, na hata Biblia ya Kiswahili, inasema mauti iliwafikia wote kwa sababu wote walitenda dhambi. Tofauti baina ya mawili hayo ni kubwa mno. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Mashariki mpaka leo hayakubali kuwa mtoto huzaliwa na hatia ya Adam, ingawa yanakubali kuwa alirithi mauti. Ikiwa ugonjwa wenyewe madaktari wanabishana juu yake, vipi waafikiane juu ya dawa?

KULIPA NA KUSAMEHE HAVIKAI PAMOJA

Watasema: Yesu alitulipia deni. Tunajibu kwa masuala mawili.

La kwanza: deni la mali si sawa na adhabu ya jinai. Mafakihi wetu wanajadili dhamana katika mlango mrefu wa fiqhi. Ukidaiwa shilingi laki moja nami nikakulipia, mdai ameipata haki yake na hajali imetoka mfuko gani. Lakini mwizi au muuaji hawezi kuweka mtu mwingine apigwe hadd au auawe kwa kisasi badala yake, hata mtu huyo aridhie kwa moyo mmoja. Adhabu hufuata mkosaji. Kadhi akimwachia muuaji na kumnyonga mwanawe mwenyewe asiye na hatia, hatutasema kadhi huyu ni mwadilifu kupita wote, wala hatutasema ni mwenye huruma. Tutasema amedhulumu mara mbili: amemwachia mwenye hatia, na amemuua asiye na hatia.

La pili: hata tukikubali kuwa ni deni la mali, basi deni likishalipwa lote hakuna kilichosamehewa. Mwenye duka aliyepokea fedha zake kamili hawezi kujisifu kuwa amesamehe. Ama alipwe, ama asamehe. Wakristo wanasema Mungu amesamehe bure kwa neema, na kwa wakati huo huo wanasema hakuachia hata senti moja mpaka damu ilipomwagika. Maneno haya mawili hayakai katika nyumba moja. Si sisi peke yetu tulioliona hili. Faustus Socinus wa Italia, aliyekuwa akijiita Mkristo, aliitoa hoja hii hii katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1594.

MANABII WALIFUNDISHA NINI?

Tegemeo lao kubwa ni Waebrania 9:22, kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Lakini Agano la Kale lenyewe linakataa. Katika Mambo ya Walawi 5:11-13, maskini asiyeweza kununua hata hua wawili analeta unga, na unga huo unakubaliwa kuwa sadaka ya dhambi, naye anasamehewa. Katika Hesabu 16:46-47 Haruni anawafanyia watu upatanisho kwa uvumba. Katika 2 Samweli 12:13 Daudi anakiri kosa lake, na nabii Nathani anamjulisha pale pale kuwa ameondolewa dhambi. Katika kitabu cha Yona sura ya 3, watu wa Ninawi walifunga, wakavaa magunia, wakaacha uovu, na adhabu ikaondolewa. Hosea 6:6, Mika 6:6-8 na Zaburi ya 51 zote zinafundisha kuwa Mungu anataka rehema, haki na moyo uliopondeka kuliko sadaka za kuchinjwa.

Lililo kubwa zaidi ni la Nabii Musa (a.s.). Katika Kutoka 32:30-33, baada ya watu kuabudu ndama, Musa alijitolea mwenyewe: ikiwa hawasamehewi, basi yeye afutwe katika kitabu cha Mungu. Mtu mwema anajitoa kwa hiari kwa ajili ya wakosaji! Kama kafara ya badala ingekuwa ndiyo njia ya Mungu, hapa ndipo pangekuwa mahali pake. Jibu alilopewa ni kuwa atakayefutwa ni yule aliyetenda dhambi. Mlango huo ulifungwa mbele ya Musa karne nyingi kabla ya Paulo kuzaliwa.

Na Mayahudi wenyewe, tangu Warumi walipobomoa Hekalu mwaka 70, hawana madhabahu wala sadaka ya damu. Wanatubu, wanaswali, wanafunga, na wanatoa sadaka. Wenye Torati hawakuielewa Torati kuwa msamaha umefungwa nyuma ya damu.

NABII ISA (A.S.) MWENYEWE

Tuingie ndani ya Injili walizonazo leo. Sala anayowafundisha wanafunzi wake, katika Mathayo sura ya 6, inaomba msamaha na kuufungamanisha na sisi kuwasamehe wenzetu, bila ya kutaja damu wala msalaba. Katika Mathayo sura ya 18 anapiga mfano wa mfalme aliyemwachia mtumwa deni kubwa mno. Mfalme yule hakumwita mwanawe amlipie. Aliliachia tu, kwa huruma. Katika Luka sura ya 15, mwana mpotevu anarudi, na baba anamkimbilia kabla hajamaliza kujieleza. Ndama aliyechinjwa alikuwa wa karamu, si wa fidia, na mwana mkubwa aliyebaki nyumbani hakuadhibiwa badala ya mdogo wake. Katika Luka sura ya 18, mtoza ushuru anajipiga kifua na kuomba rehema, na anarudi nyumbani hali ya kuwa amekubaliwa.

Watatuletea Marko 10:45, panapotajwa fidia kwa wengi, na Mathayo 26:28, panapotajwa damu na ondoleo la dhambi. Tunawaomba wafungue na kulinganisha. Tukio la Mathayo 26 limesimuliwa pia katika Marko 14:24 na Luka 22:20, na pote pawili hakuna kauli ya ondoleo la dhambi. Mafundisho yanayolingana na yale ya Marko 10:45 yamo pia katika Luka 22:27, na neno fidia halimo. Je, yastahiki kujenga wokovu wa walimwengu juu ya neno analolitaja mwandishi mmoja na mwenzake akaliacha, huku mifano iliyo wazi ikiwekwa kando?

Na Isaya sura ya 53? Mtumishi anayeelezwa katika kitabu hicho ametajwa kwa jina lake katika 41:8, 44:1 na 49:3, naye ni Israeli. Ndivyo walivyofasiri wanazuoni wengi wa Kiyahudi, akiwamo Rashi wa karne ya 11. Si haki kukiondoa kitabu mikononi mwa wenyewe kisha kuwaambia hawajui kukisoma.

MALIPO YALIPOKELEWA NA NANI?

Tuliuliza katika kichwa cha makala: kama ni deni, alilipokea nani? Wakristo wenyewe hawajapata jibu moja. Origen wa karne ya tatu alisema fidia alipewa Shetani. Gregory wa Nyssa wa karne ya nne akaongeza kuwa uungu ulifichwa ndani ya mwili kama ndoana ndani ya chambo, ili Shetani anaswe. Gregory wa Nazianzus, wa karne hiyo hiyo, akalikataa hilo kwa ghadhabu, akahoji pia vipi Baba aifurahie damu ya mwanawe. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alipokamilisha kitabu chake Cur Deus Homo mwaka 1098, alisema malipo ni ya heshima ya Mungu iliyovunjwa. Peter Abelard, aliyefariki mwaka 1142, aliona kazi ya msalaba ni kuamsha mapenzi katika nyoyo za watu. John Calvin katika karne ya 16 alisema ni adhabu ya kisheria iliyohamishwa. Na mwaka 2003 Steve Chalke, mchungaji wa Kibaptisti wa Uingereza, aliandika pamoja na mwenzake kitabu kilichoifananisha nadharia hiyo ya adhabu na ukatili wa mzazi kwa mtoto, ukazuka mjadala mkali miongoni mwao.

Ndugu msomaji, Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliainisha mambo mengi, lakini si huo wala mitaguso mikuu iliyoufuata iliyoamua ni vipi hasa kifo cha mmoja kinaondoa dhambi za wengine. Mwanazuoni Rashid Rida wa Misri aliyashughulikia masuala haya katika risala yake juu ya itikadi ya msalaba na fidia. Alitangulia Ibn Taymiyya katika kitabu chake kikubwa cha kuwajibu Wakristo, Al-Jawaab as-Sahiih. Hoja zao hazijachakaa.

SHUBHA MBILI

Huulizwa: mbona nanyi mnachinja Idi? Suratul Hajj (22:37) inajibu kuwa nyama na damu za wanyama hao hazimfikii Allah, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Tunachinja kwa kutii, kushukuru na kulisha. Hakuna Muislamu anayeamini kuwa mbuzi amezibeba dhambi zake. Na kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.) kiliishia kwa mtoto kukombolewa asichinjwe (37:107), tena bila ya kutajwa dhambi ya mtu yeyote.

Huulizwa pia juu ya hadithi ya muflisi iliyopokewa na Muslim, ambapo aliyewadhulumu watu hutwishwa dhambi zao zinapokwisha thawabu zake. Jibu ni kuwa huyo si mwema anayebeba ya waovu. Ni dhalimu anayelipa alichokichukua. Hilo ni uadilifu ule ule tunaousema: mzigo unamrudia aliyeutafuta. Ama shafaa ya Mtume (s.a.w.), hiyo ni dua inayoombwa kwa idhini ya Allah, si malipo ya damu.

NJIA YA UISLAMU, NA NASAHA KWETU

Toba katika Uislamu ina masharti yanayojulikana: kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorejea. Ikiwa ni haki ya mja, basi sharti la nne ni kuirejesha au kuombana radhi. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia, akatoka kwenda mji wa watu wema kutafuta toba, na mauti yakamfika njiani. Malaika wa rehema ndio waliomchukua. Hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Nyayo zake alizopiga kuelekea kheri ndizo zilizohesabiwa.

Tazama tofauti iliyopo baina ya itikadi mbili hizi katika maisha ya kila siku. Aliyemuibia jirani kuku akiambiwa deni lake limekwishalipwa zamani, huenda akalala usingizi na kuku wa watu tumboni. Muislamu anaambiwa: mrudishe kuku kwanza.

Lakini hapa ndipo tunapotaka kusema na nafsi zetu. Yupo Muislamu anayemshangaa Mkristo kwa kutumainia damu ya mwingine, kisha akipatwa na mkosi anaagizwa kuku mweusi wa kafara, akamchinja njia panda kwa ajili ya majini. Yupo anayedhulumu mayatima mwaka mzima, akitumaini kuwa shekhe wake atambeba mgongoni Siku ya Kiyama, au kuwa kisomo alicholipia kitamsafisha. Hii ni itikadi ya kafara iliyoingia kwa mlango wa nyuma, imevaa kanzu. Kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah ni shirki. Dua na sadaka kwa maiti zimethibiti katika Sunna na zinamnufaisha, lakini hakuna mtu anayenunuliwa wokovu. Mtume (s.a.w.) alimwita binti yake Fatima akamjulisha aombe katika mali yake atakacho, kwani mbele ya Allah hatamfaa kitu. Kama hivyo ndivyo alivyoambiwa Fatima, sisi tuna nini mkononi?

Basi walimu wa madrasa tuwafundishe watoto masharti ya toba kama tunavyowafundisha masharti ya udhu. Wazazi tuwajibu vijana wetu kabla hawajajibiwa na wengine. Na jirani Mkristo tumwambie kwa upole kuwa Mola aliyempokea Adam, Daudi na watu wa Ninawi hajabadilika. Mlango Wake hauna bawabu wala kiingilio.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe yaliyopita, atuhifadhi katika yaliyobaki, na atuongoze sisi na wao katika haki. Wabillahi tawfiq.